Rangi Halisi ya Ndege Namba Saba

Nchi hii haiko mbali. Ukiitafuta kwenye ramani utaambiwa ramani imepelekwa kufanyiwa marekebisho, lakini wananchi wake wapo, wanakula, wanalala, na kila mwaka mwezi wa Machi wanasherehekea Ushindi. Ushindi gani, dhidi ya nani, hilo watoto wa shule hulijibu vizuri kwenye mtihani. Watu wazima wana adabu zao, hawaulizi.

Katika mwaka wa arobaini na moja wa Ushindi, Serikali iliamua kwamba Ndege Namba Saba, ile ndege ndogo ya propela moja iliyokuwa imesimama miaka yote kwenye banda la kambi ya jeshi la anga, ipakwe upya rangi yake halisi ya wakati wa vita. Amri ilisomwa redioni mara tatu, ya tatu kwa ngoma. Wananchi walifurahi sana, maana walikuwa wameagizwa wafurahi kuanzia saa saba mchana.

Ndege yenyewe ilikuwa imeshapakwa rangi halisi mara nne. Rais wa kwanza aliipaka kijani halisi. Wa pili akasema kijani kile kilikuwa cha uongo, akaipaka kahawia halisi. Wa tatu alipenda samawati, na kamati yake ikagundua kwamba vita vilipiganwa angani, na anga ni samawati, kwa hiyo mjadala ukafungwa. Wa nne alirudi kwenye kijani, ila kijani chake mwenyewe. Kila mara rangi mpya ilipakwa juu ya ile ya zamani, kwa sababu Sheria ya Mali za Jeshi inasema kupaka ni matunzo na kukwangua ni hujuma. Basi ikawa rangi juu ya rangi juu ya rangi, hata mkia wa ndege ukalemewa, ukalala chini, pua ikabaki inatazama dari. Wageni wa nje walipouliza, walijibiwa kwamba inajiandaa kuruka.

Aliyeipaka mara zote nne ni mtu mmoja, Fundi Kiwale. Ana miaka sitini na miwili, mrefu, mkimya, mwenye kucha zisizotakata hata akiziloweka kwenye mafuta ya taa. Alianza kupaka ndege akiwa na miaka ishirini na mmoja, vitani kwenyewe, na tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza ndege ile ilikuwa na rangi gani.

Msidhani walimsahau. Kukumbuka vita katika nchi hii kunahitaji cheti. Cheti cha Kumbukumbu hutolewa na wizara kwa mtu mwenye sifa, na Kiwale hakuwa na sifa, kwa kuwa ni ndugu wa mtoro. Aliwahi kuomba, miaka ya mwanzo. Akajibiwa kwa barua ya heshima kabisa, yenye mhuri, kwamba aendelee kusahau hadi atakapoarifiwa vinginevyo.

*

Mtoro huyo ni kaka yake, Sajini Mahiza. Mambo yalikuwa hivi, na yanataka kusemwa haraka, maana yakisemwa polepole yanauma.

Tarehe tisa Machi, mwaka wa mwisho wa vita, Mahiza alipigwa risasi ya tumbo kwenye mstari wa mbele. Kapteni Rweikiza, rubani wa Ndege Namba Saba, akampakia kiti cha nyuma ampeleke hospitali. Njiani walitua kujaza mafuta kwenye kiwanja kidogo cha udongo, ambako Kiwale alikuwa fundi rangi. Kiwale alifungua mlango ili amsalimu rubani, akamkuta kaka yake ameshakata roho, jicho moja wazi. Walimzika wao wawili pembeni ya kiwanja kabla jua halijawa kali.

Kisha Kiwale akafanya walichokuwa wakifanya mafundi wote wa kiwanja kile. Mtu akifia ndani ya ndege, fundi hukwangua kipande kidogo chini ya mlango, kwa nje, mpaka bati jeupe lionekane. Hapo huandika jina na tarehe kwa msumari, halafu hupaka rangi juu yake na ndege huendelea na safari. Nani aliyeanzisha desturi hiyo, hakuna ajuaye. Walisema ni ili marehemu asitelemke njiani peke yake. Kiwale aliandika, akapaka, ndege ikaondoka. Kesho yake kiwanja kilipigwa mabomu, kaburi la Mahiza likawa shimo katikati ya mashimo, na wiki ile ile Kapteni Rweikiza naye akafa.

Vita vilipokwisha, makarani walikaa kuhesabu watu. Wakaona Sajini Mahiza aliondoka mstari wa mbele saa kumi na mbili asubuhi bila hati ya ruhusa. Ni kweli, hakuwa nayo. Mtu mwenye risasi tumboni hupitiwa na mambo madogo madogo. Akaandikwa mtoro, na hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa sababu Sheria ya Watoro, kifungu cha nne, inasema mtoro hawezi kufa kabla hajajisalimisha kambini. Akija atahukumiwa, atavuliwa cheo, atafukuzwa jeshini, na baada ya hapo ana uhuru kamili wa kufa. Matanga ya mtoro nayo yana jina lake kisheria: mkusanyiko usio na marehemu. Mfiwa hufungwa miezi sita, na kila aliyekula, mitatu.

Kwa hiyo Bi. Semeni, mama yao, hajawahi kumkalia mwanawe matanga. Miaka arobaini na mmoja. Kila tarehe tisa Machi anakwenda kituo cha polisi kuweka dole gumba kwenye daftari, chini ya neno moja lililopigwa chapa: Sijamuona. Miaka ya kwanza alilia juu ya daftari, mpaka wakamwomba asilowanishe mali ya Serikali. Baadaye akawa halii. Sasa ana miaka themanini na minane, anapelekwa kwa baiskeli, anaweka dole, anasema asanteni, anarudi nyumbani.

Kiwale naye amekuwa hivyo hivyo. Ukimuuliza kama ana uchungu, atafikiri kidogo kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta ufunguo, halafu atakwambia hajui. Ushahidi wake aliupeleka zamani. Ofisi ya Watoro ilimwambia neno la ndugu halipokelewi, alete maandishi. Akasema maandishi yapo, yamo chini ya rangi ya Ndege Namba Saba. Wakasema vizuri sana, lakini kukwangua ni hujuma. Walikuwa wapole, wakamsindikiza mpaka mlangoni.

*

Safari hii mambo yalikuja kivingine. Rais wa tano alitaka ndege ivutwe kupita mbele ya jukwaa siku ya Ushindi, na mkia ulikuwa mzito kiasi kwamba gurudumu la nyuma lilikuwa limezama kwenye sakafu ya saruji. Wataalamu wakasema rangi lazima itoke. Serikali ikakaa, ikatafakari, na kwa amri maalumu ikaruhusu hujuma ya siku nane.

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Rangi Halisi, wajumbe thelathini na mmoja. Mwenyekiti wake alikuwa Kanali Mstaafu Dakta Nyangalio, mtu mnene, mwenye sauti nzuri ya kusomea hotuba. Wakati wa vita alikuwa ng'ambo masomoni, jambo lililompa sifa ya kutopendelea upande wowote.

Kamati ilifanya kazi, hilo tusiinyime. Kwanza ilitazama picha zote za vita. Wajumbe kumi na wanne wakasema ushahidi uko wazi, ndege ilikuwa nyeusi na nyeupe, na watu wote walioizunguka walikuwa wa rangi nyeusi na nyeupe, na hata miti. Wengine wakapinga. Ujumbe ukapelekwa nchi za nje kutazama rangi huko, ukarudi na taarifa kwamba huko nako zipo. Halafu wakaitwa mashahidi kumi na saba wenye Cheti cha Kumbukumbu. Kila shahidi aliingia, akatazama kwanza tai ya Mwenyekiti, kisha akakumbuka. Shahidi wa tano alikuja siku ambayo Mwenyekiti alivaa tai nyekundu, na ushahidi wake ikabidi urudiwe Jumatatu.

Mwishowe Kamati ikathibitisha, kwa kura zote, kwamba rangi halisi ya wakati wa vita ilikuwa Kijani cha Ushindi. Makopo ya rangi hiyo yalikuwa yameshafika kambini wiki mbili kabla Kamati haijakaa kikao chake cha kwanza, na Mwenyekiti alisema hilo linaonyesha jinsi historia yetu ilivyo na mpangilio.

Fundi Kiwale aliitwa, akapewa msasa, kwangulio na dawa ya kulainisha rangi, na mafundi watano wa kumsaidia. Akaambiwa akwangue mpaka bati, mbele ya Kamati nzima. Aliitikia ndiyo afande. Alirudi nyumbani kwa miguu, akamkuta mama yake uani anachambua mboga, akamwamkia, akakaa, akamweleza.

Bi. Semeni aliweka mboga chini. Aliuliza ni akina nani watakaokuwepo. Kiwale akasema ni Kamati nzima, watu wa Serikali thelathini na mmoja. Aliuliza kama wanajua kusoma. Kiwale akasema wanajua, wengine hata sana. Basi yule bibi akafuta mikono kwenye kanga, na Kiwale alijua anachofikiri, kwa kuwa naye alikuwa anafikiri hicho hicho. Kamati ikiliona jina na kuweka sahihi kwamba imeliona, Ofisi ya Watoro itakuwa imepata maandishi yake. Mahiza ataandikwa amekufa.

"Nataka kumlilia mwanangu kwa ruhusa," Bi. Semeni akasema. "Sijafa bado kwa sababu hiyo tu."

Alimwambia Kiwale avae shati safi siku ya kwanza ya kazi.

*

Walianza kukwangua Jumatatu. Kijani cha Rais wa nne kilitoka Jumanne, kwa shida, maana kilikuwa kimepakwa makoti sita. Samawati ya Rais wa tatu ilipoanza kuonekana, mjumbe mmoja mzee alitabasamu bila kutarajia, na kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu. Kamati ikaendelea na wajumbe thelathini. Kahawia ikatoka Ijumaa. Kijani cha kwanza kikatoka Jumamosi, na vumbi lake likawakalia wajumbe kwenye nyusi, wakawa wanapiga chafya kwa zamu.

Jumapili saa nne asubuhi, chini ya kijani, ikatokea rangi ya tano, ambayo haikuwa kwenye orodha.

Ilikuwa nyekundu iliyochafuka, karibu na rangi ya matope. Kiwale aliijua kabla hajaifuta vumbi. Aliichanganya mwenyewe kwenye pipa, rangi ya sakafu waliyoichukua kwenye shule iliyohamwa, na masizi ya jikoni, na mafuta machafu ya injini, kwa sababu rangi ya jeshi ilikuwa imekwisha na ndege ilikuwa inang'aa mno juani. Harufu ya mafuta yale ilikuwemo bado. Kitu kilisogea kifuani mwake, kikakaa tena palepale kilipokuwa.

Kamati ilifadhaika. Wajumbe walizunguka ndege, wakainusa, wakaigonga kwa kalamu. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo iwapo labda hii ndiyo rangi ya wakati wa vita. Kanali Nyangalio alimtazama kwa huruma. Akaeleza kwamba rangi halisi imeshathibitishwa kwa kura, na kwamba ndege hii, pamoja na heshima yote inayostahili, haina Cheti cha Kumbukumbu. Kamati ikaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba ndege imejikosea. Kazi ikaendelea.

Jumatatu, siku ya nane na ya mwisho ya hujuma, Kiwale alifika chini ya mlango. Alikuwa amekiacha kipande hicho makusudi mpaka wajumbe wote wawe wamekunywa chai na wamekaa. Alipaka dawa, akangoja rangi ifure, akaisukuma kwa kwangulio taratibu, halafu akaweka kwangulio chini akaendelea kwa kitambaa. Herufi zikatoka moja moja, zimejaa uchafu mwekundu, zinasomeka kabisa.

Alisimama kando. Alisema, kwa adabu, kwamba kuna maandishi. Kanali akavaa miwani, akainama kwa kadiri tumbo lilivyomruhusu, akasoma kwa ile sauti yake nzuri.

"Sajini Mahiza. Kafia humu. Tisa Machi."

Kiwale alikuwa amejiandaa miaka arobaini na mmoja kwa ajili ya dakika hiyo, na alikuwa na maneno mengi, akaona hayapo. Yaliyobaki yalikuwa machache.

"Ni kaka yangu, Mheshimiwa," alisema. "Niliandika mimi, nikapaka rangi juu yake. Wamemwandika mtoro. Naomba Kamati iseme kwamba imeona."

Kanali hakukasirika. Tuseme kweli, aliguswa. Alivua miwani, akamshika Kiwale bega, akamwambia maneno ambayo Kiwale aliyakumbuka baadaye kuliko yote ya siku ile.

"Ningekupa pole, Fundi, lakini hakuna aliyekufa."

*

Kamati ilijifungia kwa muda wa saa mbili na nusu. Sambusa zikaingia mara mbili. Kiwale alingoja nje kwenye benchi la zege, mikono juu ya magoti, akitazama majani ya uwanjani yakikatwa kwa ajili ya sherehe. Alijaribu kufikiri watakachosema, kichwa kikakataa. Alifikiri tu kwamba shati limechafuka.

Walipomwita, Kanali alisoma uamuzi akiwa amesimama. Kamati imeyachunguza maandishi. Kamati imeridhika kwamba yaliandikwa wakati wa vita, kwa msumari, na ni halisi kwa asilimia mia moja. Kamati inampongeza fundi kwa uhifadhi. Sasa, kazi ya Kamati ni kuirudisha ndege katika hali yake halisi ya wakati wa vita, na imethibitika, kwa maelezo ya fundi mwenyewe, kwamba wakati wa vita jina hilo lilikuwa chini ya rangi. Kulionyesha lingekuwa kupotosha historia. Kwa hiyo litafunikwa. Na kwa kuwa aliyelifunika wakati ule ni Fundi Kiwale, uhalisi unataka alifunike yeye yule yule, kwa mkono ule ule.

Wajumbe walipiga makofi. Mmoja alifuta machozi, akasema hajawahi kuona uamuzi uliofuata kanuni kiasi hiki.

Kiwale aliuliza kama anaweza kupata barua tu, mistari miwili, kwamba jina lilionekana. Kanali akasema Kamati ina mamlaka juu ya rangi. Vifo viko Ofisi ya Watoro. Alikuwa mwema, akapiga simu huko mwenyewe, papo hapo. Ofisi ya Watoro ilifurahi mno kusikia. Ilisema itatuma mkaguzi kuliona jina hilo kwa macho, kama utaratibu unavyotaka, ndani ya siku sitini za kazi. Kiwale akaomba kipande kile kidogo cha chini ya mlango kiachwe siku sitini. Kanali akamwonyesha kalenda. Sherehe ilikuwa Alhamisi. Akaomba basi ipigwe picha. Kanali akatikisa kichwa kwa masikitiko, kwa maana kupiga picha mali ya jeshi, Fundi mwenyewe anajua.

Kiwale anajua. Alisema ndiyo afande.

*

Jumanne yote alipulizia mbawa na mkia, akisaidiwa na wale mafundi watano. Kijani cha Ushindi kilikuwa kijani kikali, cha kuumiza macho, na ndege ikaanza kupendeza kwa namna ya kitu kipya dukani. Jumatano asubuhi ukabaki ubavu wa kushoto, na mlango.

Kanali alikuja kusimamia mwenyewe sehemu hiyo. Aliletewa kiti. Kiwale alipiga magoti chini ya mlango, akalisafisha bati, akalisoma jina. Halafu akatazama makopo mawili yaliyokuwa mbele yake.

Kwenye bati tupu, fundi yeyote huanza na praima, koti la chini, lile la kushikiza. Halionekani, halina uzuri, lakini bila hilo rangi haina pa kujishika. Itang'aa, ndiyo, hata kuzidi kwingine. Mvua zikianza, maji hupenya ukingoni, hutembea chini kwa chini, rangi hufura, kisha siku moja huanguka yenyewe kama ganda la yai. Kwa bati la namna ile, na kwa rangi nene namna ile, Kiwale alikadiria masika mawili. Baada ya sherehe ndege ingeachwa nje uwanjani, ili wananchi waione. Kila mtu atakayepita angesoma, na mkaguzi akiitwa tena, na siku zake sitini nyingine, angelikuta jina linamngoja.

Alisogeza kopo la praima kando kwa goti. Alichovya brashi kwenye kijani, akapaka moja kwa moja juu ya bati. Alipaka taratibu, herufi kwa herufi, mpaka jina likaisha. Katika miaka arobaini na mmoja hilo lilikuwa jambo la kwanza alilolifanya kazini bila kuagizwa, na mkono wake ulikuwa mtulivu kabisa. Akagundua kwamba anaogopa. Akashangaa, maana alidhani kuogopa nako kulishaisha.

Kanali aliinama, akatazama pale mlangoni. Akasema pamependeza kuliko sehemu nyingine zote, akauliza siri ni nini. Kiwale akamjibu ni kupaka kwa moyo.

*

Alhamisi ndege ilivutwa kupita mbele ya jukwaa na askari arobaini kwa kamba. Bendi ilipiga. Mkia ulikuwa juu, pua imenyooka. Kanali Nyangalio alimkabidhi Rais Cheti cha Uhalisi kilichotiwa kwenye fremu, na Rais akakiinua watu wakione, kichwa chini miguu juu, mpaka msaidizi akakigeuza.

Kiwale alisimama nyuma ya jukwaa na mafundi wenzake, ndani ya kamba iliyozungushiwa wafanyakazi. Alikuwa anautazama mlango tu. Mbingu ya Machi ilikuwa na mawingu kidogo upande wa kusini, akayatazama hayo pia.

Rais alihutubia kwa muda wa saa moja na nusu. Alieleza vita kama alivyoelezwa. Karibu na mwisho alisema ana zawadi kwa taifa. Alisema imemsikitisha kuona urithi huu ukisahauliwa bandani miaka yote, na kusikia kwamba sasa ungeachwa juani na mvuani, na kwamba enzi hizo zimekwisha. Kuanzia leo hii, mara tu baada ya hotuba, Ndege Namba Saba itaingizwa kwenye jumba la vioo lililokwisha jengwa nyuma ya Ikulu, lenye mashine za kukausha hewa usiku na mchana.

"Tone la mvua," alisema Rais, "halitaigusa ndege hii milele na milele."

Watu wakashangilia. Kiwale naye alipiga makofi, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshaanza. Aliitazama ndege ikivutwa kuelekea Ikulu mpaka kijani chake kikapotea nyuma ya magari. Alitafuta ndani yake kitu cha kuhisi, akakosa, akabaki amesimama hapo mpaka askari aliyelinda kamba akamwambia mzee, wenzako wameshaondoka.

*

Bi. Semeni alikuwa amekaa barazani, amevaa kanga mpya, uso umeelekea njia. Kiwale alimwamkia. Mama hakumwacha hata akae.

Aliuliza kama waliona. Kiwale akasema waliona, wote, na Mwenyekiti alisoma kwa sauti. Aliuliza alisomaje. Kiwale akamsomea vile vile, Sajini Mahiza, kafia humu, tisa Machi. Bi. Semeni alifumba macho, akaomba asomewe tena, akasomewa. Kisha akauliza kama waliweka sahihi. Kiwale akamweleza uamuzi wa Kamati, neno kwa neno, bila kuongeza, na yule bibi akausikiliza bila kukunja uso, maana uamuzi wa Serikali alikuwa ameshausikia wa kila namna.

Halafu Kiwale akamwambia kuhusu praima. Hakukusudia. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote, na maneno yakatoka tu, jinsi alivyosogeza kopo kwa goti, jinsi Kanali alivyosifia. Mama yake akafumbua macho, akacheka, kicheko kifupi kikavu ambacho Kiwale hakuwa amekisikia tangu ujana wake. Akamshika mkono, ule wenye kucha za kijani.

"Mvua ngapi?" aliuliza.

Kiwale alimtazama. Hapo palikuwa na nafasi ya kulitaja jumba la vioo, na mashine za kukausha hewa.

"Masika mawili, mama."

Bi. Semeni alihesabu kwa vidole. Atakuwa anakaribia miaka tisini. Alifikiri kuhusu hilo kwa makini, kama mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kujitwika.

"Mawili nitayaweza," alisema. Akaagiza uji, mzito, na kuanzia siku hiyo akawa anamaliza bakuli.

Mwaka ule mvua zilikuja kubwa. Zilibomoa vyoo, zikajaza mifereji, zikanyesha juma zima bila kupumzika. Bi. Semeni aliagiza kiti chake kisogezwe mbele kabisa ya baraza, pale matone yanaporuka, akakaa kutwa akiitazama mvua inavyopiga. Majirani walisema atapata homa. Jioni moja ilipokatika, alimwita Kiwale, akamwonyesha kidole kimoja.

"Moja hiyo."

Kiwale akaitikia kwamba ndiyo, ni moja.